Corrido Isikatwe Mkia

Ndugu zangu wapenzi wa muziki na ushairi, watangazaji mliopo, na ninyi wenye masanduku ya santuri majumbani, hamjambo.

Mada yetu ni albamu ya vibao vya corrido. Corrido ni utungo wa kisa wa Meksiko: mtu fulani, mahali fulani, siku fulani, jambo limetokea, sikilizeni. Tunaiacha na tahajia yake ya Kihispania ili isichanganywe na korido ya jengo. Albamu ya vibao nayo ni mkusanyiko: lebo au maktaba huchukua tungo kumi na tano au ishirini, za waimbaji na miaka mbalimbali, ikaziweka pamoja kama zilizo bora kuliko zote.

Wimbo wa mapenzi ukiupunguza ubeti mmoja, mapenzi yanabaki palepale. Corrido ukiipunguza ubeti, umemwondoa shahidi kizimbani kabla hajamaliza kusema. Huo ndio msimamo wetu, na yote yatakayofuata, ya sindano, ya kasi, ya mpangilio, yanatoka hapo: kisa kifike kizima, kuanzia tarehe hadi kuaga.

Tuanze na umbo, maana hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati. Ubeti wa corrido kwa kawaida una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Aliyewahi kughani utenzi ameshaizoea hesabu hiyo. Tofauti iko kwenye vina. Utenzi unataka vipande vitatu vya mwanzo vifanane kina, na cha nne kibebe kina cha bahari kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Corrido inadai kidogo: mshororo wa pili na wa nne iitikiane, basi, wa kwanza na wa tatu iko huru. Uzito uliopungua kwenye vina umehamia kwenye kisa. Tuni ni ileile ubeti baada ya ubeti, na mara nyingi hakuna kiitikio cha kumpumzisha mtu.

Kuhesabu mizani kuna ujanja wake, na wanaojaribu kuzitafsiri tungo hizi hukwama hapo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo tunahesabu silabi tunazozisikia na kazi imekwisha. Kihispania hakina mkazo wa mahali pamoja. Mshororo ukiishia kwenye silabi yenye mkazo, huongezewa moja katika hesabu. Ukiishia kwa neno linalokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, hupunguziwa moja. Na irabu mbili zikikutana kati ya neno na neno, humezana zikawa silabi moja. Chukueni corrido ya Rosita Alvírez, msichana wa Saltillo aliyemkataa kijana Hipólito kwenye dansi akapigwa risasi. Mshororo wa nne wa ubeti wa kwanza unasema "Rosita Alvírez murió", Rosita Alvírez alikufa. Hesabuni kwa vidole: Ro, si, ta na Al kwa pamoja, ví, rez, mu, rió. Ni saba. Mkazo uko mwishoni, ongeza moja, nane. Mwimbaji hulivuta lile rió kujaza nafasi ya silabi isiyokuwepo, na kifo kinasikika kirefu kuliko neno lenyewe.

Angalieni pia kwamba Rosita amekufa kwenye ubeti wa kwanza. Corrido haifichi mwisho. Unaambiwa nani kafa, wapi, mwaka gani, kisha unasimuliwa ilikuwaje. Mwimbaji huwaita watu wasikilize, hutaja tarehe na mahali na jina, husimulia huku akiwapa wahusika wenyewe maneno ya kusema, mhusika huaga, na mwisho mwimbaji naye huaga, mara nyingi kwa maneno "Ya con ésta me despido", yaani kwa ubeti huu nakuageni. Huo ni ndugu wa kaditama yetu. Si kila corrido ina sehemu zote hizi, lakini kuaga kwa mwimbaji ndiko kunakofunga kisa, na ndiko kunakokatwa kwanza na mwenye haraka. Mtangazaji akishusha sauti kabla ya ubeti wa mwisho ili tangazo liingie, kisa kimeachwa mlango wazi.

Kabla ya santuri, tungo hizi zilisafiri kwa kinywa na kwa karatasi. Katika Jiji la Meksiko mchapaji Antonio Vanegas Arroyo aliuza karatasi moja moja zenye maneno ya nyimbo, nyingi zikiwa na picha za mchongaji José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913. Karatasi haina saa. Mtunzi mwenye beti ishirini alizichapisha zote ishirini. Ikaja santuri ya inchi 10, ile inayozunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ukabeba dakika tatu na sekunde chache tu.

Pigeni hesabu. Kwa mwendo wa polka, yaani dansi ya haraka ya mapigo mawili, ubeti wa mishororo minne huchukua kama sekunde 15. Kipande cha ala cha kufungulia, na kingine kila baada ya beti mbili, weka sekunde 8 kila kimoja. Beti kumi ni sekunde 150, vipande vitano vya ala ni 40, jumla 190: dakika tatu na sekunde kumi. Upande umejaa. Kwa mwendo wa valsi, wa mapigo matatu, ambao ni wa polepole zaidi, ubeti ukichukua sekunde 20 mtaishia kwenye beti nane. Kwa hiyo utungo wa beti ishirini ulipoingia studio ulikuwa na njia mbili: kukatwa nusu, au kugawanywa pande mbili za santuri.

Njia ya pili ndiyo iliyotuokolea hazina. Mwaka 1929, Pedro Rocha na Lupe Martínez waliirekodi corrido ya Gregorio Cortez, mtoro ambaye kisa chake tutakisimulia mwishoni, huko San Antonio, Texas, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Sauti mbili na magitaa, basi. Kwa maoni yetu hakuna albamu ya vibao vya corrido inayostahili jina hilo bila rekodi hii au nyingine iliyo nzima kama hii. Wakusanyaji wengi hukosea kwa kuweka sehemu ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyopo kwenye kanda waliyonayo. Wengine huweka zote mbili kama nyimbo mbili tofauti, halafu kwenye simu ya msikilizaji mpangilio unachanganywa na sehemu ya pili inatangulia: mtu anakamatwa kabla hajakimbia. Ziunganisheni ziwe faili moja. Acheni pumzi ya kama sekunde moja pale santuri ilipogeuzwa, msiifute kabisa, kwa sababu waimbaji walipanga kisa chao kikipumzika hapo. Na mlinganishe ukubwa wa sauti wa pande mbili hizo kwa sikio, kwa kuwa mara nyingi upande mmoja umechakaa zaidi ya mwenzake.

Sasa uchaguzi. Hapa ndipo albamu nyingi huharibika, kwa kudhani kila wimbo wa mapinduzi ya 1910 hadi 1920 ni corrido. La Adelita, La Valentina na La Cucaracha ni nyimbo maarufu za kipindi hicho, zimepigwa na kila bendi, lakini hazisimulii tukio hatua kwa hatua. Ziwekeni kwenye albamu ya nyimbo za mapinduzi. Corrido ya kuchukuliwa Zacatecas ni kitu kingine: inasimulia jinsi jeshi la Pancho Villa, jenerali wa mapinduzi, lilivyouvunja mji huo tarehe 23 Juni 1914, na ukiisikiliza unapata siku, mji na majina ya majenerali. Vivyo hivyo corrido ya kupigwa risasi kwa Jenerali Felipe Ángeles huko Chihuahua, Novemba 1919. Siete Leguas, wimbo wa farasi wa Villa uliotungwa na mwanamke, Graciela Olmos, unakaa mpakani. Sisi tungeuweka, kwa sababu vituo vya treni na vita vimetajwa humo kwa majina.

Msidhani corrido ni damu tu. Moja ya zilizo bora kabisa ni ya mbio za farasi: El Moro de Cumpas, ya Leonardo Yáñez. Mbio hizo zilikimbiwa Agua Prieta, Sonora, tarehe 17 Machi 1957, kati ya El Moro na El Relámpago, na El Relámpago akashinda. Tarehe imo kwenye wimbo, mji umo, wenye farasi wamo, na hakuna aliyekufa. Ikiwekwa katikati ya albamu huwapa wasikilizaji pumzi baada ya majeneza matatu mfululizo.

Kutoka miaka ya 1940 mwishoni, sauti ya kaskazini hubadilika: magitaa matupu yanapisha kodiani ya vitufe na bajo sexto, gitaa nene la nyuzi 12 zilizopangwa jozi sita. Los Alegres de Terán, wawili kutoka General Terán, Nuevo León, walioanza 1948, ndio waliouweka mtindo wa sauti mbili zinazokwenda bega kwa bega juu ya ala hizo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 Los Tigres del Norte, ndugu kutoka Rosa Morada, Sinaloa, waliohamia San José, California, wakatoa Contrabando y traición ya Ángel González. Wanaume na wanawake wa mpaka mzima waliimba kisa cha Emilio Varela na Camelia wa Texas: bangi ndani ya matairi, wanavuka kutoka Tijuana, wanasimamishwa San Clemente, wanafika Los Angeles, wanalipwa, Emilio anamwambia Camelia kila mtu ashike njia yake, risasi saba zinalia. Kisa ni cha kubuni, ila kimejengwa kwa mifupa ileile ya corrido ya kweli, mji baada ya mji. Ukiondoa ubeti wa San Clemente, safari inakuwa haina hatari na risasi za mwisho zinakosa uzito.

Wimbo huo ulifungua mlango wa corrido za walanguzi wa dawa za kulevya, na hapa lazima tuseme wazi tunalofikiri. Jimbo la Sinaloa lilizipiga marufuku kwenye mabaa mwaka 2011. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta amri hiyo. Mkusanyaji hana amri ya serikali, ana uamuzi wake. Kuziacha zote ni kudanganya historia. Kujaza albamu nazo ni kumsifu muuaji kwa kodiani. Chagueni mbili au tatu zenye kisa kamili, na kwenye maelezo andikeni ni nani aliyekufa, si nani tu aliyesifiwa. Chalino Sánchez hawezi kukosekana: alianza kutunga akiwa gerezani Tijuana, watu wakimlipa awatungie visa vyao, akasambaa kwa kanda Los Angeles nzima kwa sauti kavu isiyopambwa, na akauawa Culiacán Mei 1992. Ama vijana wa corrido tumbado, mtindo mpya wa siku hizi, kazi yao ni nzuri na imefika mbali. Ella baila sola ya Eslabón Armado na Peso Pluma ilishika nafasi ya 4 kwenye chati kuu ya Marekani mwaka 2023. Lakini huo ni wimbo wa kumsifu msichana anayecheza. Jina la mtindo halitoshi kuuingiza kwenye albamu ya visa.

Mkishachagua, tafuteni rekodi sahihi. Waimbaji wengi walirekodi upya vibao vyao walipohama lebo, na rekodi ya pili huuzwa kwa jina na picha ya ile ya kwanza. Dalili ziko masikioni: kama lebo inadai rekodi ni ya miaka ya 1950 nanyi mnasikia kodiani kushoto, bajo sexto kulia na besi ya umeme katikati, hiyo si ya miaka ya 1950. Linganisheni pia urefu. Rekodi mpya ikiwa fupi kwa sekunde 30, beti mbili zimeondoka, na mara nyingi ni zile za kuaga. Kwenye sehemu ya mtunzi mtakuta herufi D.A.R. Si jina la mtu; maana yake ni haki za mtunzi zimehifadhiwa, na huwekwa pale lebo isipomtaja mtunzi. Msiinakili tu. Tafuteni jina, kwa kuwa yupo aliyekesha akipanga mizani hiyo. Mahali pazuri pa kuanzia ni mkusanyiko wa Frontera ulioanzishwa na Chris Strachwitz, ambao chuo cha UCLA huuweka mtandaoni: una rekodi zaidi ya laki moja, pamoja na picha za lebo za santuri.

Kuhusu sauti nitakaa kidogo. Santuri ya 78 ina mfereji mpana. Inataka sindano yenye ncha ya kama sehemu tatu kati ya elfu moja za inchi, mara tatu hivi ya ile ya santuri ndefu (LP). Ukitumia sindano ya santuri ndefu, inazama hadi chini ya mfereji kwenye vumbi na mikwaruzo, nawe unadhani rekodi imekufa kumbe ni mzima aliyefunikwa na kelele. Ioshe kwanza kwa maji safi yasiyo na chumvi na kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Spiriti usiguse, kwa sababu huyeyusha shelaki (shellac), utomvu mgumu uliotengenezea santuri za zamani.

Kisha kasi. Siyo kila santuri ya 78 ilirekodiwa kwa 78 kamili. Kosa la asilimia 6 ni nusu toni nzima: mwanamume wa makamo anageuka kijana. Kodiani hutusaidia hapa, maana haikazwi wala kulegezwa kama gitaa. Bajo sexto ndiyo inayoifuata. Kodiani ya vitufe ya safu tatu ina funguo zake zilizokaa, kwa mfano Sol, Do na Fa, au Fa, Si bemoli na Mi bemoli. Rekodi ikilia katikati ya Fa na nusu toni ya juu yake, msilaumu kodiani, rekebisheni kasi. Kwenye rekodi za magitaa tupu kipimo hicho hakipo, kwa hiyo linganisheni na upande mwingine wa waimbaji walewale, wa siku ileile ya studio, mpaka sauti zao zifanane.

Na programu ya kusafisha kelele itumieni kwa mkono mwepesi. Ondoeni milio ya mikwaruzo mmoja mmoja. Kelele ya mfululizo ipunguzeni kidogo tu, kwa kuwa inapokaa ndipo pia zinapokaa konsonanti. Ukiisafisha hadi kimya, s na t zinayeyuka, na majina ya watu na miji hayasikiki tena. Katika muziki wa dansi ni hasara ndogo. Katika corrido umepoteza kisa.

Mpangilio wa nyimbo usiwe wa miaka tu. Rekodi sita za magitaa na sauti mbili zikifuatana mwanzoni humchosha asiyejua Kihispania, akazima kabla ya kodiani. Changanyeni polka na valsi, msiweke tatu za ufunguo mmoja mfululizo, na ile ndefu ya pande mbili msiiweke ya kwanza wala ya mwisho; nafasi ya nne au ya tano sikio limeshafunguka. Kati ya wimbo na wimbo acheni sekunde tatu au nne.

Mwisho ni kijitabu cha maelezo, na huku msifanye ubahili. Kila corrido ipewe maneno yake yote, tafsiri, na aya moja ya tukio. Turudi kwa Gregorio Cortez tuone kwa nini. Tarehe 12 Juni 1901, katika wilaya ya Karnes, Texas, sherifu Morris alifika nyumbani kwake akitafuta mwizi wa farasi. Mkalimani wake alijua Kihispania cha kubabaisha. Cortez aliulizwa kama amebadilishana caballo na mtu. Akajibu hapana, na alisema kweli. Sherifu akaona anadanganywa, akataka kumkamata. Kaka yake Romaldo alipigwa risasi, sherifu akauawa, na Cortez akakimbia siku kumi, zaidi ya maili 400 juu ya farasi na zaidi ya 100 kwa miguu, mamia ya watu wakimfuata, hadi alipokamatwa karibu na Laredo tarehe 22 Juni. Alisamehewa na gavana mwaka 1913.

Kiswahili kinasema farasi, dume au jike ni farasi, kwa hiyo mfasiri anaweza kupita hapo bila kuona kitu. Andikeni kwenye kijitabu: caballo ni farasi dume, farasi jike ni yegua, na mnyama aliyempata Cortez katika kubadilishana alikuwa yegua.